Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Jumanne, 29 Julai

Mafua nyumbani. Yalianza kwa mke wangu. Watoto wa darasa la kwanza wanampigia chafya usoni siku nzima, ndio ualimu huo. Leo yamehamia kwa Mkaguzi, binti yetu. Pua inatiririka, mwenyewe hajali. Kaja saluni kwangu baada ya chekechea akaanza ukaguzi kama kawaida: taulo, brashi, chupa ya spiriti, kisha wateja. Kamuuliza mzee mmoja mwenye upara, "Wewe umekuja kunyolewa nini?"

Watu wakavunjika mbavu. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, namshukuru Mungu. Miaka mitatu na nusu tu! Akifika kumi sijui tutaficha wapi nyuso zetu.

Mke wangu kanikuta naandika. Anasema mwanamume mwenye daftari la siri ana mke wa pili wa karatasi. Nimemwambia huyu wa karatasi angalau hanisahihishi mwandiko. Kanipiga na kitambaa cha jikoni.

Ijumaa, 1 Agosti

Tarehe mosi, siku ya kufungua kiti. Kichwa cha kwanza cha mwezi kwenye kiti changu ni cha Mkaguzi, tangu alipotimiza mwaka. Mteja awe nani, atasubiri. Wengine wanasema ni ushirikina. Mimi nataka tu kuanza mwezi na kichwa ninachokipenda.

Basi leo kanigomea! Mimi, Gundi! Wateja walinipa jina hilo kwa sababu nikiweka kiganja cha kushoto kwenye utosi wa mtoto, kidole gumba nyuma ya sikio, kichwa kinanata mkononi. Hakichezi. Watoto walioshindikana saluni zote huletwa kwangu. Leo ni binti yangu mwenyewe, juu ya ubao wake wa kumwinua kitini. Upande wa kulia umekwenda vizuri, nusu amesinzia. Nikamgeuza kichwa nipate wa kushoto — ukelele! Nikadhani mashine imepata moto. Nikaipaka mafuta, nikaigusisha mkononi mwangu. Baridi kabisa. Nikamgeuza tena. Akalia mpaka pumzi zikamkatika, akanipiga teke la tumbo.

Nikakaza mkono. Si sana.

Mzee Brashi, mwenzangu wa kiti cha pili, hata hakuinua macho kutoka kwa mteja wake. Mwache mtoto, akasema, shingo inamuuma huyo. Nikamjibu hiyo si shingo, ni kiburi, kakirithi kwa mama yake. Watu wakacheka. Mkaguzi kashuka, kageuka kunitazama kwa mwili mzima, mabega na yote, kama mlango. Hata kununa ananuna kwa namna yake.

Sasa yupo hapa nyumbani na kichwa nusu. Kulia kipara, kushoto msitu. Mwalimu — ndivyo ninavyomwita mke wangu nikitaka kumtania — kauliza imekuwaje. Nimesema mashine iliishiwa chaji. Ningesema nini? Kwamba Gundi imeshindwa kunata? Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hata mwanawe!

Jumamosi, 2 Agosti

Homa. Asubuhi tumempeleka zahanati. Tabibu kamulika koo haraka haraka, foleni imejaa hadi nje. Tonsili, kasema. Dawa ya maji, dawa ya homa, tumwone baada ya siku tano.

Kiti nimemwachia Mzee Brashi. Jumamosi nzima bila kazi, haijawahi kutokea. Mkaguzi kakataa uji, kakataa juisi, kakataa hata ile biskuti anayoiiba kila siku. Amekaa wima kwenye kochi na mto mgongoni. Nimeimba. Nimevaa ndoo kichwani nikapiga saluti. Alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemwonea huruma mchekeshaji.

Nyumba imekuwa kimya mpaka naisikia friji.

Jumapili, 3 Agosti

Udenda. Aliacha udenda zamani huyu, leo unamtiririka kidevuni hadi kifuani na anauacha tu. Mwalimu ndiye aliyegundua: hamezi. Hataki hata kumeza mate yake mwenyewe.

Na sauti si yake. Anaongea kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni. Kaniambia "Baba, maji." Nikakimbia kuleta. Akayatazama yale maji, akalia.

Jioni Mwalimu anamwogesha, akaniita: njoo uone. Kamwita kwa nyuma, mtoto akageuka mwili mzima. Akamwonyesha taa ya darini, macho yakapanda, kichwa hakikupanda. "Shingo hiyo imeanza leo," akasema. "Jana sikuiona." Akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi wake akingoja jibu.

Nikasema mh.

Mh! Hata si neno.

Mama yangu kwenye simu anasema kalala vibaya, mkandeni kwa maji ya moto. Mwalimu kamjibu kwa heshima zote, ndiyo mama, asante mama. Kisha kakata simu na kusema shingo ya mwanawe haikandwi na mtu. Kesho mapema hospitali kubwa. Nimekubali haraka mno.

Mbona hatukwenda leo leo? Nauliza hapa kwa sababu kwingine sithubutu. Kama ningesema ninachokijua, tungekuwa huko sasa hivi.

Jumatatu, 4 Agosti

Hospitali. Tumelazwa. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la chuma nje ya wodi ya watoto. Naandika ili mikono ipate kazi.

Foleni ya asubuhi ilikuwa ndefu, watu kama arobaini mbele yetu. Nesi wa kupima uzito alipita, akaona udenda, akaona jinsi mtoto alivyokaa, kidevu kimetangulia mbele, akasema: mama, njoo na mtoto, mwache hivyo hivyo alivyokaa. Tukapita wote arobaini. Hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa — foleni ikikuachia njia bila kelele, ujue jambo si dogo.

Daktari wa watoto ni binti mdogo, viatu vya mpira, kalamu mbili kwenye nywele. Nilidhani atamshika shingo. Hakumgusa! Alichukua glavu, akaipuliza ikawa puto lenye vidole, akaichora macho na mdomo. Mkaguzi akakodoa macho. Daktari akaipandisha polepole. Macho yakaifuata. Puto likapita paji la uso, kichwa kikagoma, na mwanangu akajilaza nyuma kwenye kifua cha mama yake, mgongo mzima, ili alione. Likaenda kushoto. Akageuka kiuno. "Nimeona," daktari akasema taratibu, akampa lile puto awe nalo.

Sekunde ishirini na glavu moja. Mimi nilitumia nguvu, na sikuona kitu.

Kisha akatupa masharti. Asilazwe chali — akae mapajani mwa mama, namna anayotaka mwenyewe, ndiyo inayompa hewa. Asiwekewe kijiti wala kijiko mdomoni na mtu yeyote, hata nesi. Asile, asinywe. Na tukisikia mluzi anapovuta pumzi, au mbavu zikizama, tupige kelele hapo hapo.

Picha ya eksirei ikapigwa kwa ubavu. Akatuonyesha: huu weusi ni njia ya hewa. Nyuma yake, kabla ya mifupa ya shingo, nyama inatakiwa iwe ukanda mwembamba. Ya Mkaguzi imevimba, imeisukuma ile njia mbele. Hata mimi niliona, na eksirei sijawahi kuisoma maishani. Anashuku jipu. Jipu nyuma ya koo! Mimi najua majipu ya kisogoni, ya kwapani. Akatueleza kwamba watoto wadogo wana vitezi huko nyuma vya kuchuja uchafu wa pua na koo. Mafua yakipita, mara mojamoja kitezi kinapata vijidudu na kutunga usaha. Wakikua vitezi hivyo vinasinyaa, ndiyo maana wakubwa hatuupati sana ugonjwa huu. Tabibu wa zahanati alimulika koo kwa mbele, na mwanzoni huko kunaweza kuonekana kama tonsili tu.

Mafua! Yale tuliyoyacheka Jumanne.

Mchana wakampeleka kwenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani, daktari wa usingizi akiwa kasimama karibu na vifaa vyake. Nilitaka kuuliza kwa nini yupo. Nilijua: pumzi ikiziba.

Kisha akaja daktari wa masikio, pua na koo. Bwana mrefu, sauti nzito, anaongea kama anayelipia kila neno. Kasema jipu ni dogo, kingo zake bado hazijakaa sawa. Likiwa changa, dawa za kupitia mshipa zinaweza kulimaliza bila kisu. Akauliza:

"Shingo ilianza kukaza lini?"

"Jana," Mwalimu akasema. "Jumapili jioni."

Akaandika. Siku ya pili. Basi dawa mbili za mshipa, uangalizi wa karibu, Jumatano asubuhi aamue. Akanigeukia.

"Baba, una la kuongeza?"

Na mimi nikasema hapana.

Nesi wa wodi alipokuwa anamfunga kanula ya dripu mkononi akaona kichwa. "Nani kamnyoa huyu bibie nusu?" Mwalimu akamjibu, "Baba yake huyo, kinyozi mzima, mashine iliishiwa chaji." Wote wakacheka. Nilicheka nao. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Je, kama ni mimi? Kama kitu kilichanika humo ndani nilipokaza mkono? Daktari aliuliza kama alianguka na kijiti mdomoni, kama alimeza mfupa, kama kuna kilichomchoma. Hakuuliza kama baba yake ni mpumbavu.

Mficha maradhi... Naijua methali yote. Sitaiandika yote hapa.

Jumanne, 5 Agosti, asubuhi

Thelathini na tisa nukta mbili. Homa ilishuka kidogo alfajiri, imerudi.

Lakini Mkaguzi yuko kazini! Amekaa mapajani mwa mama yake na puto lake la glavu lililonywea. Anaitazama ile chupa ya dripu. Kila tone likidondoka anainua kidole. Tone, kidole. Tone, kidole. Nesi akaja kurekebisha kasi, Mkaguzi akamkazia macho mpaka nesi akajitetea: "Samahani bosi, naongeza kidogo tu." Nampenda mtoto huyu mpaka meno yananiuma.

Mwalimu hajalala. Kapakata kilo kumi na tano tangu jana, kila nikitaka kumpokea mtoto anasema akihama ataamka. Mkono wake wa kushoto umekufa ganzi, nimeuchua. Kaniambia, "Una mikono mizuri, Baba Mkaguzi. Hilo ndilo lililoniponza." Kasema kwa mapenzi. Nikainuka nikaenda chooni.

Nimenawa uso mara tatu. Kuna kioo pale kimepasuka kona. Nikasema kwa sauti: Ijumaa. Ilianza Ijumaa. Mzee mmoja akatoka kwenye kile choo cha pembeni, akaniangalia, akasema leo ni Jumanne, mwanangu.

Daktari wa koo anapita wodini saa nne. Nikinyamaza tena, sitaweza kusema nilidhani si kitu.

Jumanne, 5 Agosti, saa nane mchana

Nimesema.

Nitaiandika ilivyokuwa. Daktari kasimama mwisho wa kitanda, yule binti mwenye kalamu pembeni yake. Anasoma karatasi: homa haishuki, mate bado yanamtoka, hewa bado nzuri. Akasema, "Ni siku ya tatu tu tangu shingo ikaze. Tunaweza kuipa dawa nafasi hadi kesho."

Nikasema, "Daktari, si ya tatu."

Mwalimu akaniangalia.

"Ilianza Ijumaa. Asubuhi. Nilikuwa namnyoa, nikamgeuza kichwa kushoto, akapiga kelele. Nikamgeuza tena. Nilimkaza, daktari. Nilidhani ni ukaidi. Mashine haikuishiwa chaji."

Karibu na kitanda cha jirani mtoto anaburuta kigari cha kopo sakafuni, kinakwaruza.

"Ijumaa?" Mwalimu akasema.

Neno moja. Sijawahi kuwa mwanafunzi wake, leo nimejua wanavyojisikia.

Daktari akahesabu kwa vidole. "Siku ya tano, basi." Akauliza maswali harakaharaka: alikuwa na homa Ijumaa? Alikula? Alilia akigeuka mwenyewe, au ulipomgeuza tu? Nikajibu yote. Nikamweleza alivyoshuka kwenye kiti akageuka kama mlango. Akaandika, akakata alichokuwa ameandika jana. Akamwambia yule binti daktari, dawa za mshipa kwa siku nzima na homa ile ile, na dalili zina siku tano. Hilo si changa tena. Hatungoji kesho. Waambie chumba cha upasuaji, na daktari wa usingizi aje mkuu wao mwenyewe.

Nikamuuliza. Ilibidi nimuulize. "Ni mkono wangu?"

"Hapana, baba. Ni mafua. Mkono wako ulimuumiza tu, haukuleta usaha." Akafunga faili. "Ila habari hii ningeitaka jana."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Akatueleza. Watampa usingizi kwa tahadhari kubwa, kwa sababu uvimbe unabana njia ambayo mrija wa pumzi unatakiwa upite. Hapo ndipo penye hatari. Wakifanikiwa hapo, watalifungua jipu kwa ndani, kupitia mdomoni. Kichwa kitalazwa chini ili usaha usiingie mapafuni, na wataufyonza. Nje hatabaki hata na kovu. Mwalimu akasaini fomu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri vilevile, wa ubaoni.

Walipokuja kumchukua walimwacha akae, hawakumlaza. Binti daktari akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mapajani mwa mama yake hadi mlangoni. Mkaguzi akanyoosha mkono wenye bandeji, akanishika sikio. Hivi ndivyo anavyoaga kila asubuhi. Hakusema kitu, maana kusema kunamuuma. Alinishika tu sikio.

Nililia. Naandika wazi, nililia kwenye korido mbele ya mfagizi, akaacha kufagia mpaka nilipomaliza.

Jumanne, 5 Agosti, saa kumi kasorobo

Bado tunangoja. Benchi la mbao, mlango wa kijani wenye kidirisha kilichopakwa rangi. Mwalimu amekaa mwisho ule, mimi huku. Katikati panatosha watu watatu.

Hajaniambia neno tangu Ijumaa — tangu lile neno "Ijumaa", namaanisha. Nilimletea chai ya mashine, akaipokea, imepoa mkononi. Amelikunja blanketi la mtoto mara nane, analikunjua, analikunja. Sijamwomba msamaha bado. Nimeandaa sentensi tano, zote zinaanza na "mimi".

Simu imeita. Mzee Brashi. Anauliza mtoto. Nimemwambia ulisema kweli siku ile, mzee wangu, shingo ilikuwa inamuuma. Kasema: hayo tutayaongea mtoto akipona, sasa kaa na mkeo. Kakata. Anasema kaa na mkeo, na mke mwenyewe yuko mita mbili, mbali kama ng'ambo.

Nimesogea kidogo. Sasa panatosha watu wawili.

Saa kumi na robo

Nesi katoka, kofia ya kijani, barakoa kaivuta chini ya kidevu. Mrija ulipita salama. Usaha umetoka, mwingi kuliko picha ya jana ilivyoonyesha. Mrija wameutoa, ameanza kuamka, lakini uvimbe bado upo, usiku wa leo na kesho lazima waiangalie pumzi yake dakika kwa dakika. Hawawezi kutuahidi zaidi. Akasema baada ya dakika tano ataita, aingie mzazi mmoja tu.

Mmoja. Ni mama yake, hilo halina mjadala. Nimerudisha miguu chini ya benchi apate kupita.

Kilio! Nyuma ya mlango. Kimekwaruza, kimechoka — chake. "Sitakiii!" Lile tonge halipo tena mdomoni. Neno zima limetoka. Mwalimu kajifunika uso na blanketi, mabega yanatikisika, sijui ni kilio au kicheko, nadhani vyote. Nilitaka kumshika nikakumbuka sijui kama naruhusiwa.

Sasa amenyamaza. Kasimama. Kaja hadi hapa nilipo, kaliweka blanketi mapajani mwangu, juu ya daftari hili. Macho mekundu.

"Nenda wewe."

Nimemwambia anakutaka wewe, mama yake.

"Nenda," kasema. "Na usimguse shingo."

Nimelishika blanketi, lina joto la mikono yake. Mlango unafunguliwa. Nesi anauliza, nani anaingia? Mwalimu amenyoosha kidole kwangu —